Chumvi Pekee Haileti Mlakasa

Singidani na Kindai ni maziwa ya chumvi yaliyo ubavuni mwa mji wa Singida. Maji ni ya chumvi, kingo ziko wazi, jua halikosekani; mbona basi hapo si makao ya mlakasa, mmea utambaao wenye maua ya zambarau unaofunika mchanga wa pwani yetu? Jibu jepesi ni kwamba bahari iko mbali. Ni kweli, lakini linaficha jambo kubwa zaidi: kilichouumba mlakasa ni mchanga unaohama, si chumvi.

Umbo lake linatosha kuwa ushahidi. Mlakasa, ambao wanabotania huuita Ipomoea pes-caprae, hutandaza shina mita nyingi juu ya mchanga, na kila kifundo kinachogusa ardhi huweza kutoa mizizi. Upepo ukifukia sehemu moja, nyingine huendelea kukua. Wimbi likilikata shina, kila kipande kilichotia mizizi hujitegemea. Mbegu zake zenye vinyweleo huelea baharini kwa miezi na bado zikaota, ndiyo maana mmea huu umeenea fukwe za tropiki duniani kote. Mtu atapinga akisema kwamba unavumilia chumvi pia. Unavumilia, tena majani yake mazito hayaungui kwa rasharasha za mawimbi. Ila mchanga haushiki maji. Mvua ikinyesha vizuri, chumvi nyingi huoshwa kutoka kwenye mizizi. Kwa mlakasa, chumvi ni mgeni wa kupita.

Singidani chumvi ni mwenyeji. Ziwa halina mto unaotoa maji, kwa hiyo jua huyanyonya na kuacha chumvi nyuma mwaka hadi mwaka, pamoja na magadi. Kipimo cha pH cha bahari hukaribia 8. Katika maziwa ya magadi mara nyingi huzidi 9, na hapo madini ya chuma na zinki hushikwa na udongo hata mizizi ikashindwa kuyapata. Tope la namna hiyo, likilowa, hewa haipiti.

Pingamizi zito zaidi ni la Suaeda monoica, kichaka kinachoota pwani na pia kando ya maziwa ya magadi. Lakini hicho kina ghala: huhifadhi chumvi ndani ya majani yake manene. Nyasi ya Sporobolus spicatus, inayotambaa kando ya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, huitoa chumvi kupitia tezi za majani. Kutambaa kwake kunafanana na kwa mlakasa. Silaha dhidi ya chumvi ndiyo tofauti. Umbali nao una uzito wake, maana hakuna mkondo wa bahari unaopanda hadi mita 1,500. Hata hivyo umbali huvukika, udongo ndio hukataa: kiazi kitamu, ndugu wa mlakasa, kilitoka Amerika kikaenea bara kwa mikono ya watu, na wakulima hukipanda kwenye matuta ya udongo laini, si kwenye tope la magadi.