Mwalimu wa Kiingereza Korea: Nyumba ya bure, kazi ya usiku na kamba ya mkataba

Na Mwandishi Wetu

SAA 4 usiku jijini Seoul, milango ya vituo vya twisheni hufunguliwa na wanafunzi wenye mabegi mgongoni humiminika mitaani, wengine wakikimbilia mabasi madogo yanayowasubiri kando ya barabara. Nyuma yao hutoka mwalimu wa Kiingereza, ambaye siku yake ya kazi ndiyo kwanza inakwisha. Kwao Johannesburg muda huo ni saa 9 alasiri, na ndugu anaotaka kuzungumza nao kwa simu bado wako kazini.

Saa hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Kanuni za jiji la Seoul zinapiga marufuku vituo hivyo, ambavyo Wakorea huviita hagwon, kufundisha baada ya saa 4 usiku. Wapo waliolalamika kwamba kanuni hiyo inaingilia haki zao, lakini mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kuwa ni halali. Mahakama hiyohiyo, mwaka 2000, ilikuwa imetengua marufuku ya masomo ya ziada iliyowekwa na utawala wa kijeshi mwaka 1980. Kwa maneno mengine, twisheni Korea Kusini ni suala linalofikishwa hadi mahakama ya juu.

Kiu hiyo ya masomo ndiyo inayomleta mgeni. Kiingereza kilianza kufundishwa kwa lazima tangu darasa la tatu mwaka 1997, na ni miongoni mwa masomo ya mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu unaofanyika kila Novemba. Siku ya mtihani huo, ndege huzuiwa kuruka na kutua kwa zaidi ya nusu saa ili kelele zake zisiwasumbue watahiniwa wanaosikiliza maswali ya Kiingereza. Mzazi anayeishi katika nchi ya namna hiyo haoni ajabu kumlipia mtoto wake mwalimu kutoka ng'ambo.

Hata hivyo, si kila anayekijua Kiingereza anaweza kuipata kazi hiyo. Viza ya walimu wa lugha, inayojulikana kwa jina la E-2, kimsingi hutolewa kwa raia wa mataifa saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Katika bara zima la Afrika, ni nchi moja tu iliyomo. Mhitimu wa Nairobi au Kampala aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza hadi shahada hana nafasi kwa njia hiyo, kwa sababu kinachoangaliwa kwanza ni pasipoti, si ulimi. Hata raia wa Afrika Kusini anayeomba nafasi katika shule za serikali hutakiwa kuthibitisha kwamba alisoma kwa Kiingereza, sharti ambalo kijana wa London haulizwi.

Mwombaji anatakiwa pia kuwa na shahada ya kwanza, cheti cha polisi kinachoonyesha kuwa hana kumbukumbu za uhalifu, na kupimwa afya baada ya kufika, ikiwamo kupimwa dawa za kulevya. Kwa miaka kadhaa kuanzia 2007 walimu hao walilazimika kupimwa Virusi vya Ukimwi, jambo ambalo walimu wenzao Wakorea hawakutakiwa kulifanya. Mwalimu mmoja kutoka New Zealand alikataa kupimwa kwa mara ya pili, akakosa mkataba mpya na kupeleka shauri lake Umoja wa Mataifa. Mwaka 2015 Kamati ya Kutokomeza Ubaguzi wa Rangi ya umoja huo ilimpa haki, na mwaka 2017 Korea Kusini ikaliondoa sharti hilo.

Kazi yenyewe ni ya namna mbili. Katika shule za serikali, ambako wageni huajiriwa zaidi kupitia mpango wa EPIK ulioanzishwa mwaka 1995, mwalimu hufika asubuhi, hubadili viatu mlangoni na kuvaa ndara, kisha hufundisha vipindi visivyozidi 22 kwa wiki akiwa pamoja na mwalimu wa Kikorea. Mchana hula na wenzake katika bwalo la shule: wali, supu, mboga na kimchi, ile kabichi iliyochachuliwa kwa pilipili, kwa vijiti vya chuma ambavyo ni vyembamba na vinateleza kuliko vya mbao. Wiki za kwanza, wanafunzi hutazama kwa furaha namna chakula kinavyomponyoka.

Wanafunzi wanapokwenda likizo, mwalimu huyo hupewa siku zake chache tu za mapumziko. Siku zinazobaki hulazimika kuja shuleni na kukaa mezani, mara nyingine akiwa peke yake katika jengo lililozimwa mitambo ya kupasha joto, kwa kuwa mkataba unahesabu saa 40 kwa wiki, wanafunzi wawepo au wasiwepo.

Katika hagwon mambo ni kinyume. Asubuhi ni yake, mchana na usiku ni wa mwajiri, na vipindi mara nyingi hufikia 30 kwa wiki. Mshahara katika ngazi ya kuanzia huwa zaidi kidogo ya won milioni 2 kwa mwezi. Kiasi hicho hakitishi kwa mtu anayelipa kodi ya pango Seoul, lakini mwalimu huyu kwa kawaida halipi, maana nyumba hutolewa na mwajiri.

Nyumba hiyo ni chumba kimoja, chenye jiko upande mmoja na bafu ambalo maji yake humwagikia sakafuni kote, choo kikiwa humohumo. Oveni ni nadra. Sakafu hupashwa joto kutoka chini, na katika majira ya baridi ya Januari ambapo hali ya hewa hushuka chini ya sifuri, mgeni hugundua kwa nini Wakorea wengi hupenda kuketi na hata kulala sakafuni. Takataka nazo zina shule yake: tangu mwaka 1995 kila kaya hununua mifuko maalumu ya manispaa yake, na mabaki ya chakula hutengwa na plastiki, chupa na karatasi. Anayekosea hujulishwa na jirani, na si kwa upole kila mara.

Mwenye busara hujifunza kusoma kwanza. Herufi za Kikorea, zilizotangazwa mwaka 1446 wakati wa Mfalme Sejong, ni 24 tu kwa matumizi ya sasa, na mtu mwenye bidii huweza kuzitambua kwa siku chache. Kuzungumza ni habari nyingine. Wapo walimu wanaokaa miaka mitatu wakiishia kuagiza kuku na kumwelekeza dereva wa teksi, kwa kuwa kazini wanalipwa wasiseme Kikorea.

Starehe za mtu anayetoka kazini saa 4 usiku zingekuwa chache katika miji mingi. Seoul si hivyo. Maduka madogo hukesha, na nje yake huwekwa meza za plastiki ambako walimu hukutana kwa bia. Kuna vyumba vya kukodi kwa saa kwa ajili ya kuimba, viitwavyo noraebang. Mwishoni mwa wiki wengi hupanda milima ya Bukhansan, inayofikiwa kwa treni za mjini, wakipitwa njiani na wazee wa miaka 70 waliovalia kama wanaoelekea Himalaya. Treni ya mwendo kasi, iliyoanza mwaka 2004, huwafikisha ufukwe wa Haeundae mjini Busan kwa takriban saa mbili na nusu, ukiondoa mwendo wa kutoka stesheni.

Kuna pia starehe isiyokataliwa: chakula cha jioni cha wafanyakazi wote, ambapo mkubwa humiminiwa kinywaji kwa mikono miwili na mdogo hugeuza uso pembeni anapokunywa. Mgeni anayekosa mara moja husamehewa. Anayekosa kila mara huanza kuona barua za shule zikimfikia siku moja baada ya wenzake.

Hatari kubwa ya maisha haya, hata hivyo, haiko katika upweke wala katika baridi. Iko katika karatasi. Viza ya mwalimu imefungwa na mwajiri aliyemleta, na nyumba ni ya mwajiri huyohuyo. Akitaka kuhama kabla ya mkataba kwisha, anahitaji barua ya kuachiliwa. Akigombana naye, anaweza kupoteza mshahara, kitanda na haki ya kukaa nchini kwa wakati mmoja. Kufundisha mtoto nyumbani kwao kwa malipo ya pembeni nako ni kosa linaloweza kumrudisha kwao.

Sheria ya kazi ya Korea humpa mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka. Ndiyo maana lalamiko linalojulikana zaidi miongoni mwa walimu ni la kufukuzwa katika mwezi wa 11. Lingine huonekana katika hati ya mshahara: makato ya asilimia 3.3 pekee. Wengi hufurahi kuona makato ni madogo, bila kujua kwamba hicho ndicho kiwango cha mtu aliyeandikishwa kama mkandarasi binafsi, asiyechangiwa pensheni wala bima ya afya na mwajiri. Mwalimu aliyedhulumiwa anaweza kulalamika katika ofisi ya kazi ya wilaya bila malipo, na Wizara ya Ajira na Kazi ina namba ya simu 1350 kwa maswali hayo. Wanaopiga mapema, kabla hawajaondoka nchini, ndio walio na nafasi nzuri ya kulipwa.

Soko lenyewe nalo linageuka. Mwaka 2023 wastani wa watoto kwa kila mwanamke Korea Kusini ulishuka hadi 0.72, na mwaka 2024 ukapanda kidogo tu kufikia 0.75. Zipo shule za vijijini zinazofungua mwaka bila hata mtoto mmoja wa darasa la kwanza. Pamoja na hayo, matumizi ya wazazi katika masomo ya ziada yalifikia won trilioni 29.2 mwaka 2024, maana watoto wanapungua huku fedha zinazotumika kwa kila mmoja zikiongezeka, na wanaanza wakiwa wadogo zaidi. Siku hizi, mwalimu aliyevuka bahari akitegemea kuwafundisha vijana sarufi huweza kujikuta saa 3 asubuhi amepiga magoti mbele ya mtoto wa miaka minne, akimfunga kamba za viatu na kumtajia kwa Kiingereza kiatu cha kulia na cha kushoto.