Watangulizi: Watu Wakimbiao kwa Ajili ya Ushindi wa Mwenzao

Kila mtu aliyepata kuhudhuria michezo ya shule amemwona kijana wa namna hii: bastola ikilia, yeye hutoka kama mshale, huwaacha wenziwe nyuma yadi arobaini, na watu humshangilia kwa vifijo. Lakini katika mzunguko wa tatu magoti yake huanza kulegea, na wale waliokuwa nyuma humpita mmoja baada ya mwingine, hata akafika wa mwisho. Wazee walikwisha kusema zamani kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Katika makala hii twataka kueleza kwa nini jambo hilo hutokea, na jinsi wakimbiaji wakubwa wa dunia walivyolipatia dawa. Dawa yenyewe ni mtu, yaani mkimbiaji atanguliaye mbele ili mwenzake apate kushinda. Jina lake husahauliwa upesi, lakini kazi yake yastahili kujulikana.

DENI LA PUMZI

Mtu akimbiapo kwa mwendo wa kiasi, mapafu yake huvuta hewa ya kutosha, na damu huipeleka kwenye misuli ifanyayo kazi. Mapato na matumizi huwa sawa. Akizidisha mwendo, misuli hutaka hewa zaidi ya ile iwezayo kuletwa na mapafu. Hapo mwili hufanya kazi kwa mkopo, kama mtu achukuaye bidhaa dukani akaahidi kulipa mwisho wa mwezi. Mkopo huo una mpaka. Akikopa mapema mno, deni hudaiwa kabla hajafika kwenye utepe, miguu ikawa mizito kama iliyofungwa mawe.

Kwa hiyo mkimbiaji wa mbio ndefu hana budi kuzigawanya nguvu zake kwa hesabu. Akitangulia peke yake ana maadui wawili zaidi. Wa kwanza ni upepo, ambao yeye aupasua kwa kifua chake na wenzake wapita nyuma yake kwa raha. Wa pili ni wasiwasi: kila hatua hana budi kujiuliza kama mwendo wake ni wa haraka mno au wa polepole mno. Mtangulizi mwema humwondolea mwenzake mizigo hiyo yote miwili. Huukata upepo, na hushika mwendo uliopatanwa, hata aliye nyuma asiwe na kazi ila kufuata.

MAILI YA DAKIKA NNE

Maili moja ni yadi 1,760, yaani mizunguko minne ya kiwanja cha yadi 440. Atakaye kuikimbia kwa dakika nne yampasa kumaliza kila mzunguko kwa dakika moja. Hesabu hiyo ni nyepesi kuitamka, lakini miguu ya wanadamu ilishindwa nayo kwa muda mrefu. Mnamo mwaka 1945 Gunder Hägg, Mswidi, alikimbia kwa dakika 4 na sekunde 1.4, na karibu miaka tisa ikapita asionekane mtu wa kumpita.

Huko Uingereza alikuwako kijana aitwaye Roger Bannister, aliyekuwa akisomea udaktari katika mji wa London. Katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki ya mwaka 1952 alitoka wa nne katika mbio za mita 1,500, akarudi nyumbani bila nishani. Masomo yake yenyewe yalihusu pumzi ya mtu akimbiaye, naye alijipima mwenyewe akikimbia juu ya mkanda uendao kwa mashine.

Mwezi wa Juni 1953 Bannister alijaribu maili kwa msaada wa wenzake. Mmoja wao, Chris Brasher, alikwenda polepole makusudi hata akapitwa mzunguko mzima, kisha akamwongoza Bannister katika mzunguko wa mwisho akiwa bado na nguvu mpya. Saa zilionyesha dakika 4 na sekunde 2.0. Lakini wasimamizi wa michezo wa Uingereza walikataa kuziandika mbio hizo katika daftari la rekodi. Walisema kwamba hayo hayakuwa mashindano ya kweli, kwa maana mtu mmoja alikuwa akingojea njiani kama farasi wa kubadilisha.

Uamuzi huo ulikuwa mkali, lakini ulikuwa wa haki, na ndio uliowafundisha njia iliyo bora. Tangu hapo ilikuwa wazi kwamba mtangulizi hana budi kuanza pamoja na wenzake na kukimbia kwa uaminifu tangu bastola ilipolia. Basi mtu mmoja hakuweza kutosha. Brasher angetangulia mwanzo, na rafiki yao wa tatu, Chris Chataway, angeshika zamu baada yake.

Majira ya baridi yote walifanya mazoezi. Walikimbia robo maili mara kumi, wakipumzika dakika mbili tu kila baada ya mara moja. Walipofika sekunde 61 kwa kila robo wakakwama, wasiweze kuendelea. Bannister na Brasher wakaacha mazoezi siku chache, wakaenda Scotland kupanda majabali. Waliporudi walikimbia kwa sekunde 59. Hivyo yaonekana kwamba mapumziko nayo ni sehemu ya kazi.

Siku ilikuwa tarehe 6 Mei, 1954, katika kiwanja cha Iffley Road mjini Oxford. Mchana kutwa upepo ulivuma kwa nguvu, na Bannister alikuwa karibu kuahirisha jaribio hilo. Jioni, muda mfupi kabla ya mbio, aliitazama bendera iliyokuwa juu ya kanisa la jirani akaona imelegea. Akakata shauri kukimbia.

Brasher alitangulia. Bannister, ambaye miguu yake ilikuwa myepesi kwa kupumzika, aliona kama wanakwenda polepole, akapiga kelele kumtaka mwenzake aongeze mwendo. Brasher hakumsikiliza. Aliendelea kama walivyopatana, na mzunguko wa kwanza ukamalizika kwa sekunde 57.5. Hapo ndipo ulipo moyo wa habari hii. Lau Brasher angalitii kelele zile, Bannister angalikopa pumzi mapema, na deni lingalimwangusha katika mzunguko wa tatu.

Nusu maili ilipita kwa dakika 1 na sekunde 58.2. Brasher alipochoka, Chataway alipita mbele akashika zamu, nao wakamaliza robo tatu kwa dakika 3 na sekunde 0.5. Katika mzunguko wa mwisho, upande wa mbali wa kiwanja, Bannister alimpita Chataway akaenda peke yake, akakata utepe akaanguka mikononi mwa watu. Mtangazaji alipotamka neno la kwanza la wakati wake, yaani tatu, makelele ya watu yaliyafunika maneno yaliyobaki. Ilikuwa dakika 3 na sekunde 59.4.

Jambo alilofanya Bannister alipopata pumzi laonyesha kwamba alizijua hesabu zake. Aliwatafuta Brasher na Chataway, akawashika, wakakimbia kiwanjani pamoja mbele ya watazamaji.

MALIPO YA WATANGULIZI

Yawezekana msomaji atauliza: Je, mtu apata faida gani kwa kumbebea mwenzake upepo? Jibu limo katika habari za watu hawa wenyewe.

Chataway alikwenda Vancouver, Canada, mwezi wa Agosti mwaka ule ule wa 1954, katika Michezo ya Himaya na Jumuiya ya Madola, akashinda mbio za maili tatu. Mbio hizo zatuhusu sisi pia, kwa kuwa wa nne alikuwa Nyandika Maiyoro kutoka Kisii. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kupeleka wakimbiaji katika Michezo hiyo. Wiki chache kabla yake, katika kiwanja cha White City mjini London, Nyandika alikuwa ametoka mbio tangu mwanzo akawaacha Waingereza mbali, hata watazamaji wakashangaa. Mwishowe Freddie Green na Chataway walimpita, naye akawa wa tatu kwa dakika 13 na sekunde 54.8. Huko Vancouver alikimbia kwa dakika 13 na sekunde 43.8. Hizo ni sekunde kumi na moja alizojipatia katika muda wa mwezi mmoja tu.

Brasher naye alingoja zaidi. Mwaka 1956 huko Melbourne alishinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Waamuzi kwanza walimwondoa kwa kudhani alimzuia mwenzake njiani, kisha rufani yake ikasikizwa, akapewa nishani yake ya dhahabu.

KEINO NA JIPCHO

Somo hili lilitumiwa na Wakenya wenyewe katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968. Mji wa Mexico uko juu sana, mita 2,240 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mtu wa pwani au wa nchi tambarare aikutapo hewa ile huingia katika deni la pumzi upesi kuliko kawaida. Kipchoge Keino alikuwa amezaliwa Kipsamo katika nchi ya Nandi, naye aliizoea hewa ya milimani tangu utoto.

Hata hivyo mambo yake hayakuwa mepesi. Alisumbuliwa na maumivu ya nyongo, na katika mbio za mita 10,000 alishindwa kumaliza. Tena katika mita 1,500 alikuwa akipambana na Jim Ryun wa Marekani, aliyeshika rekodi ya dunia. Sifa ya Ryun ilikuwa kasi yake ya mwisho. Akiwa karibu na aliye mbele zikibaki yadi mia tatu, alikuwa hazuiliki. Ryun aliamini kwamba katika hewa ile mtu atakayekimbia kwa dakika 3 na sekunde 39 atashinda.

Tarehe 20 Oktoba, bastola ilipolia, kijana Ben Jipcho alitoka mbele kwa kasi kubwa, akamaliza mita 400 za kwanza kwa sekunde 56. Yeye mwenyewe hakuweza kuushika mwendo huo mpaka mwisho, na jambo hilo alilijua. Keino akaupokea mwendo na kuzimaliza mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 55.3, na Ryun alikuwa ameachwa mbali. Mmarekani huyo alipoanza kufukuza, kasi yake ilikuwa ile ile ya kutisha, lakini njia ilikuwa imekwisha. Keino alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 34.9, na Ryun akafuata kwa dakika 3 na sekunde 37.8, mita ishirini nyuma. Ryun alikuwa amekimbia upesi kuliko alivyodhani itahitajiwa, na bado alishindwa.

Jipcho alifika nyuma, kati ya wale ambao watazamaji hawawatazami. Lakini mwaka 1972 huko Munich alisimama karibu na Keino juu ya jukwaa, Keino akiwa wa kwanza na yeye wa pili, katika mbio za kuruka viunzi na maji. Mwaka 1973 aliiweka rekodi ya dunia ya mbio hizo, na mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand, alipata nishani mbili za dhahabu.

MSAADA NA MPAKA WAKE

Tarehe 12 Oktoba, 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge, naye ni mtu wa Nandi, alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Watangulizi 41 walimsaidia kwa zamu, wakijipanga mbele yake kama ndege warukao pamoja, na gari lilitoa mwanga uliochora barabarani mahali pa kukimbilia. Mbio hizo hazikuandikwa kuwa rekodi, kwa maana hayakuwa mashindano ya wazi, na watangulizi waliingia na kutoka njiani. Ni shauri lile lile la mwaka 1953. Kipchoge alilijua mapema, wala hakulalamika. Alitaka kuonyesha kwamba jambo hilo lawezekana. Karibu na mwisho watangulizi walirudi nyuma wakamwachia njia, naye akaingia peke yake huku wao wakimshangilia.

Walimu wa michezo na vijana waweza kulijaribu jambo hili bila gharama yoyote. Chagueni wakimbiaji watatu, mpatane muda wa kila mzunguko, na mmoja ashike saa. Kila siku abadilishwe mtu wa kutangulia, ili kila mmoja ajue uzito wa upepo na raha ya kufuata. Kijana aliyezoea kutoka kama mshale atajifunza kuweka akiba, na aliyezoea kujificha nyuma atajifunza kutumika.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Utepe hukatwa na kifua cha mtu mmoja, na jina liandikwalo ni lake. Lakini msomaji akisikia tena habari za mshindi wa mbio ndefu, na aulize pia ni nani aliyetangulia katika mzunguko wa kwanza.