Je, Wajua? Mayai Maelfu, Mtoto Mmoja

Tegu wa ng'ombe, yaani mnyoo bapa anayeishi katika utumbo mwembamba wa binadamu aliyekula nyama isiyoiva vizuri, hana mdomo wala tumbo, kwa hiyo hufyonza kwa ngozi yake chakula kilichokwisha kumeng'enywa. Mwili wake, unaoweza kuzidi mita 5, una mamia ya pingili, na kila pingili iliyokomaa ina viungo vya uzazi vya kiume na vya kike. Zile za mwisho, zikiwa zimejaa maelfu ya mayai, hukatika na kutoka nje, na mayai huachwa bila malezi yoyote hadi ng'ombe ayale pamoja na majani.

Tofauti na tegu huyo, kangaruu mwekundu wa Australia, ambaye ni masupiali, yaani mamalia ambaye kichanga chake hukamilisha ukuaji nje ya tumbo la uzazi, kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati mmoja. Mtoto huyo, mwenye uzito usiofikia gramu 1, huzaliwa baada ya mimba ya siku 33 hivi akiwa haoni wala hana manyoya, hutambaa kwa miguu ya mbele hadi kwenye mfuko wa mama, kisha hushika chuchu na kulelewa humo kwa miezi ipatayo 8.