Kumsikiliza Mwenye Haja Kabla ya Kuandika Programu

Fundi mwenye busara hakati kitambaa kabla ya kumpima mwenye kuvaa, na mwandishi wa programu za kompyuta ana wajibu huo huo. Tarehe 26 Oktoba 1992, idara ya magari ya wagonjwa ya London ilianza kutumia kompyuta mpya za kuyaelekeza magari yake, na punde si punde simu zikarundikana na wagonjwa wakangojea. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1993 ukabainisha, miongoni mwa sababu nyingine, kwamba wafanyakazi hawakushirikishwa ipasavyo katika kuubuni mradi ule.

Basi elimu ya kuzitambua haja za watumiaji yataka kuwahoji wahusika wote. Kukaa nao kazini na kuwatazama, kwani mengi wayatendayo kwa mazoea hawakumbuki kuyasema. Na kuwaonyesha kielelezo, walau cha karatasi, ili wakikosoe mapema. Kisha kila haja iandikwe kwa kipimo, si “upesi” bali “katika sekunde 3”, na zinazopingana zisuluhishwe mbele ya wenyewe. Kwa maana kufuta mstari katika hati ni jambo jepesi, ilhali kubomoa kilichokwisha kujengwa ni hasara, na pengine ni roho ya mtu.