Tabora zaidi ya tumbaku: ujue mkoa kabla hujachagua zao

Kila msimu ukikaribia napokea simu nyingi, na swali ni lile lile: "Bwana shamba, tumbaku mwaka huu inalipa?" Leo nataka turudi nyuma kidogo, tuutazame mkoa wenyewe.

Tabora iko kwenye uwanda wa juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili. Ukichelewa kupanda umechelewa. Urambo, Kaliua na Sikonge kuna misitu ya miombo na udongo wa kichanga, ndiyo maana tumbaku imeshika huko. Igunga na Nzega utakutana na mbuga za udongo mweusi unaoshika maji, na huko ni majaruba ya mpunga, pamba na ng'ombe.

Zamani hapa palikuwa njia panda. Misafara kutoka Bagamoyo ilipumzika Unyanyembe, kisha wengine wakaenda magharibi Ujiji, wengine kaskazini Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika mwaka 1857 wakakuta soko tayari. Watu wanakumbuka pembe za ndovu na watumwa, na ni kweli, lakini misafara ile ilikula kila siku, na chakula kilitoka kwa wakulima wa hapa. Wanyamwezi wengi walibeba mizigo kiangazi, mvua zikianza wakarudi kushika jembe. Reli ilifika mwaka 1912, tawi la Mwanza likaanzia hapa hapa Tabora. Njia panda haijahama.

Sasa tuje kwenye hela. Tumbaku ina faida moja kubwa: unaingia mkataba kupitia chama cha msingi na pembejeo unakopeshwa. Sikukatazi. Ila bani linakula kuni, na kuni zinatoka kwenye miombo ile ile inayolisha nyuki. Asali ya Tabora ina jina, na chuo cha ufugaji nyuki kiko hapa mjini. Ukikata msitu wote kukaushia tumbaku, umefunga duka la pili ambalo halihitaji mbolea.

Kwa hiyo ukilima tumbaku, panda miti yako ya kuni mapema, usisubiri uishiwe. Mizinga iweke mbali na shamba unalopiga dawa, na dawa piga jioni nyuki wakiwa wamerudi. Mzinga wa gome achana nao. Mti ukivuliwa gome kuzunguka shina unakufa. Tumia wa sanduku.

Halafu kuna maembe, jamani! Yakiiva yote kwa mpigo bei inaanguka mpaka yanaozea chini. Anayeweza kuyakausha vizuri anauza wakati wengine hawana.

Na wageni je? Tembe la Kwihara, walipokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, liko nje kidogo ya mji. Urambo ni kwa Mtemi Mirambo. Ugalla imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2019. Mgeni anayefika huko anataka kitu cha kubeba, na asali kwenye chupa safi yenye lebo inabebeka.

Ukitaka kuanza na mizinga mitano, niandikie kata uliyopo na msitu ulio karibu nawe, nikuambie pa kuitundika.