Pua ya panya buku yaokoa maisha

Panya buku huchukiwa mashambani, lakini wako askari wanaomshukuru. Mjini Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO humfundisha kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya hao walishiriki kuisafisha Msumbiji, iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imeondolewa mabomu yote yaliyojulikana.

Siri imo puani. Ndani yake mna mifupa myembamba iliyojikunja kama karatasi. Sehemu ya mbele, utando wenye ute hunasa vumbi na kuipasha hewa joto. Nyuma mna seli za kunusia, zipelekazo habari ubongoni. Kisha hewa hushuka katika koo la pumzi, ambalo hushikiliwa wazi na pingili za gegedu. Humo vinyweleo vidogo mno husukuma uchafu kwenda juu. Pafu la kulia lina sehemu nne. La kushoto halikugawanyika.

Uzito wake, yapata kilo moja, hautoshi kulipua bomu. Mahali ambapo binadamu angepoteza mguu, panya hukwaruza udongo tu, na mtegua mabomu akajua pa kuchimba.