Kabla ya kumpa fundi wa mbao avansi



Juma hili tunaongea juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelipitia bila kulisema: kumtafuta fundi wa mbao. Hatusemi fundi wa paa wala wa milango. Tunasema yule wa vitu vidogo vya nyumba: kitanda cha mtoto, kabati la vyombo, meza ya mashini ya kushona, viti vifupi vya jikoni. Ni vitu ambavyo hapa Kambove hatuvipati kwa kipimo chetu, na tukivifuata Likasi au Lubumbashi bei inatushinda, tena kuna usafiri juu yake.

Tuanze na kisa chetu wenyewe. Kikundi chetu kiliweka makuta ya likelemba kando, kidogo kidogo, ili tupate benchi sita za mikutano. Tulimpata fundi, tukapunguza bei mpaka akakubali, tukampa karibu makuta yote. Alisema juma mbili. Ilikuwa katikati ya mvua. Juma mbili zikawa miezi miwili. Benchi zilipofika zilipendeza, zinang'aa verni. Lakini mwezi wa saba, baridi na upepo mkavu vilipoingia, mbao zilianza kupasuka na miguu ikalegea. Siku ya mkutano benchi moja ilivunjika, na mwenzetu mwenye mimba akaanguka mbele yetu sote. Mungu alimlinda, yeye na mtoto. Siku hiyo tulijiuliza: kosa lilikuwa wapi?

Tulimwita fundi. Hakukimbia. Alisema: "Wamama, bei mliyonipa ilitosha mbao mbichi tu. Na avansi yenu ilimaliza kazi ya mtu aliyekuja mbele yenu." Tulikasirika, kisha tukanyamaza. Alikosa, lakini na sisi tulikosa.

Fundi wa kartie hana akiba ya mbao. Zamani kampuni ya mgodi ilikuwa na karakana zake, na fundi aliyeajiriwa humo alipewa mbao na vyombo. Mwaka 2003 ulianza mpango wa kuondoka kwa hiari, na wafanyakazi zaidi ya 10.000 wakaondoka Gécamines. Leo fundi wa kujitegemea ananunua mbao kwa avansi ya mteja. Mtoto wake akiugua, avansi inakwenda hospitali. Ndiyo sababu anachukua ya mteja wa pili ili amalize kazi ya wa kwanza. Na sisi tukivuta bei chini kabisa, yeye anapunguza pale tusipoona: ndani ya mbao.

Kwa hiyo tumejifunza neno moja: tusimpe fundi makuta ya mbao, twende naye kununua mbao. Tukishazinunua, mbao ni zetu. Fundi tunamlipa mikono yake.

Kuchagua mbao

Mti ukikatwa una maji mengi ndani. Maji yakitoka, ubao unapungua, unajipinda, unapasuka. Ubao wa sentimita 3 uliopasuliwa mwezi wa pili, mvua zikinyesha, mwezi wa tatu bado ni mbichi. Afadhali kununua mbao mwezi wa tano au wa sita, kuzipanga kivulini na vijiti katikati ili upepo upite, na kutengeneza kitu mwezi wa tisa. Asiye na haraka anapata kitu cha miaka mingi.

Sokoni, inua mbao mbili za ukubwa sawa na za mti mmoja: iliyo nzito zaidi ina maji zaidi. Ziguse kwa shavu: mbichi ni baridi. Zigonge: kavu inalia, mbichi inanyamaza. Angalia ncha kama zimepasuka. Ukiona vitundu vidogo na unga mweupe, wadudu wamekwisha kuingia, iache.

Katika miti yetu, mulombwa ni mzuri sana kwa kazi za nyumba, maana ukikauka haujipindi sana. Wenzetu wa Tanzania wanauita mninga. Lakini miti mizuri inazidi kuwa mbali. Misitu inayozunguka miji yetu imekatwa kwa ajili ya makala, na miaka ya 2010 mukula mwingi wa Haut-Katanga ulipelekwa China. Mikaratusi inapatikana kwa urahisi zaidi, lakini inapasuka na kujipinda sana inapokauka. Inahitaji muda mrefu zaidi kivulini.

Jihadharini na mbao za paleti. Tunaishi karibu na viwanda, na paleti nyingine zimebeba dawa za kusafishia madini. Ubao unakunywa kinachomwagika juu yake. Angalieni pia muhuri: HT maana yake ubao ulitiwa joto, MB maana yake ulitiwa gesi ya kuua wadudu. Yenye MB, yenye madoa au yenye harufu, isiingie nyumbani. Hata jikoni tusiiwashe moto.

Kumchagua fundi

Usiangalie kitu kipya kilicho mbele ya atelye yake. Kila kitu kipya kinang'aa. Mwulize: "Nionyeshe nyumba uliyotengeneza kitu miaka miwili iliyopita." Nenda ukaone. Tikisa meza, fungua kabati, angalia chini yake. Je, miguu imeshikwa kwa misumari tu, au ubao una ulimi ulioingia katika tundu la mwenzake na kutiwa gundi? Mwulize mama wa nyumba hiyo: alimaliza siku aliyosema? Halafu umwanzishe na kazi ndogo, kiti kimoja kifupi. Kiti kitakuambia habari za kabati.

Vipimo tuvichukue sisi. Kitanda kinapimwa kwa matela iliyopo, wala si kwa kukisia. Kabati linapimwa kwa mahali litakapokaa, na mlango litakapopita. Kwa kitanda cha mtoto mchanga chenye fito, nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6,5, ili mwili wa mtoto usipite na kichwa kikabaki kimenaswa. Na tukipaka verni, kitanda kikae penye upepo mpaka harufu iishe kabisa, ndipo mtoto alale.

Kulipa na kuandika

Tuandike karatasi mbili, moja ya fundi, moja yetu: kitu gani, vipimo, mti gani, bei ya mikono, siku ya kumaliza, na sahihi za wote wawili pamoja na shahidi. Tuseme bei ya mikono ni dola 15. Tutoe 5 akianza, 5 kitu kikisimama kabla ya verni, 5 kikifika nyumbani. Hapo katikati twende tuangalie kwa macho yetu. Kosa linaonekana kabla ya verni. Baada ya verni linajificha.

Fundi mwingine atasema: "Nitaongea na baba wa nyumba." Tumjibu kwa heshima. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016, iliyobadilisha Sheria ya Familia, iliondoa lazima ya mke kupata ruhusa ya mume ili afanye mapatano. Sasa inawataka mume na mke wapatane. Basi tupatane nyumbani kwanza, kisha tuweke sahihi yetu bila woga.

Na bei tuijadili, lakini tusimnyonge mtu. Fundi anayelipwa haki yake anarudi kukaza mguu uliolegea. Aliyenyongwa akituona njiani anageukia kando.

Yule fundi wetu je? Tulinunua mbao kavu pamoja naye, tukazibeba sisi wenyewe, akatengeneza benchi mbili tena bila malipo ya mikono. Zile nne zilizobaki tunamlipa azirekebishe moja moja, kila likelemba ikizunguka. Mwenzetu aliyeanguka alijifungua salama. Mkutano uliofuata alikuja na mtoto mgongoni, akaitikisa benchi kwa mikono miwili, kisha akaketi.